Rukia, vidonge usiache

Mombasa,
12 Machi

Shoga yangu Rukia,

Hapa sote wazima. Mama anakusalimu na kila siku auliza utashuka lini. Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya salamu. Tangu uliponiambia kwamba mashine ya presha ilisoma 168 kwa 102, na vidonge vya presha umevitia kabatini kwa kuwa "moyo ni ugonjwa wa Wahindi, babu zetu hawakuujua", sijapata usingizi wa raha.

Kuhusu babu zetu hukukosea sana. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, waliandika kwamba Waafrika wa Uganda karibu hawakuwa na ugonjwa wa kuziba mishipa ya moyo, ilhali Wahindi wa huko ulikuwa ukiwaua kwa wingi. Mji mmoja, jua moja. Mtu akiishia hapo atasema ni damu, na mimi nilipokuwa chuo cha uuguzi nilisema hivyo hivyo.

Shaper hakuishia hapo. Alikwenda kwa Wasamburu, wale wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, akakuta presha yao iko chini na haipandi kwa umri, mzee na kijana karibu sawa. Kisha akawapima morani wao, yaani vijana wapiganaji, walioandikwa jeshini Kenya. Ni vijana wa damu ile ile, ila sasa wanakula chakula cha kambini chenye chumvi tele, na presha ikaanza kupanda. Halafu kuna Waluo waliotoka vijijini Nyanza kuja Nairobi kutafuta kazi. Daktari Poulter na wenzake waliwafuata, wakachapisha mwaka 1990. Presha ilikwisha kupanda mwezi wa kwanza tu mjini! Mkojo wao ulionyesha chumvi imezidi na potasiamu imepungua, yaani mboga, ndizi na viazi vitamu vya nyumbani vimeachwa, umeingia mkate na vya dukani. Mwezi mmoja, Rukia. Wewe umekaa miaka 19 huko Nairobi.

Wajapani nao ni vivyo hivyo. Waliobaki Hiroshima na Nagasaki waliugua moyo kwa uchache, waliohamia Hawaii zaidi, na wa California kuwashinda wote.

Sisemi kabila halina maana. Wahindi hupata sukari wakiwa na uzito ambao kwa Mzungu ungeonekana wa kawaida, kwa kuwa mafuta huwajaa tumboni mapema, na hiyo huisumbua mishipa yao. Lakini sikiliza linalotuhusu sisi. London, kuanzia mwaka 1988, walipimwa Wazungu, Wahindi na Weusi wa Karibiani, wakafuatiliwa kwa miaka 20 hivi. Weusi waliugua mishipa ya moyo kwa uchache kuliko Wazungu, naam, kama usemavyo. Kiharusi je? Kiliwapiga Weusi na Wahindi kuliko Wazungu. Hilo ndilo linaloniuma katika ule usemi wako: unajilinda na mlango mmoja, na mwizi anaingia kwa mwingine. Presha isiyotibiwa huchosha figo, hupanua moyo, hupasua mshipa kichwani, nayo haiumi. Wodini nimewageuza kitandani watu wa rika letu waliolala wazima wakaamka mkono hauinuki, na wengi walikuwa na vidonge nyumbani.

Umesema kichwa hakikuumi ndiyo maana umeacha. Kichwa si kipimo. Virudie leo, kama daktari alivyokuandikia. Kama vinakuvimbisha miguu au vinakukohoza, mwambie akubadilishie, dawa za presha ni nyingi. Chumvi ya mezani iondoe, na zile pakiti za kukolezea mchuzi pia, maana humo ndimo ilimojificha nyingi. Mchuzi wa nazi wenye ndimu na pilipili hauhitaji chumvi kiasi hicho, na wewe wajua kuupika kuliko mimi.

Alhamisi ijayo nakuja kwa treni ya mchana. Nabeba mashine yangu na mkanda mpana, kwa sababu ule mwembamba ukifungwa kwenye mkono mnene hudanganya. Tutapima jioni na asubuhi, siku tatu, umekaa kitako na umetulia. Na mumeo naye apimwe, usimwache atoroke.

Wako akupendaye,
Mwanahawa