Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR: njooni saluni mvihesabu vichwa

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

YAH: UTAFITI WA NYWELE KUNYONYOKA NA MAGONJWA YA NGOZI YA KICHWA

Mimi ni msusi, na saluni yangu iko Morogoro. Nakuandikia kuomba jambo moja. Taasisi yako ifanye utafiti wa nchi nzima wa ngozi ya kichwa, uwahesabu wanawake wanaonyonyoka nywele, ubaini nani ana ugonjwa gani, na uanzie kwetu wasusi, kwa kuwa vichwa hivyo tunaviona sisi kabla ya daktari yeyote.

Mwanamke anaweza kumficha hata mumewe hali ya kichwa chake, kwa kilemba, kwa wigi, kwa ushungi. Msusi hafichwi. Mteja akishavua kilemba mbele ya kioo naona yote: nywele za mbele zilizorudi nyuma hadi paji limekuwa pana, utosi unaong'aa ukubwa wa kisahani, mabaka ya duara yasiyo na hata unywele mmoja, vipele vya kisogoni vilivyogeuka makovu magumu. Kila kimoja kati ya hivyo ni ugonjwa wake, una chanzo chake na matibabu yake. Mtaani vyote vinaitwa "nywele zinakatika", na vyote vinatibiwa kwa mafuta: ya nazi, ya mnyonyo, ya kitunguu, na yale ya chupa yanayouzwa kwa maneno matamu. Mwanamke anapaka mwaka mzima, na mwaka mzima huo mizizi inakufa chini ya ngozi.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Nywele zinazonyonyoka kwa kuvutwa na misuko hurudi, mtu akiacha mapema. Zikivutwa miaka na miaka, mzizi huzibwa na kovu na hapaoti kitu tena. Kuna na ule ugonjwa unaoanzia utosini ukatambaa polepole kwenda pembeni, ambao huwapata zaidi wanawake weusi. Huo nao huacha kovu. Tiba iliyopo huuzuia usiendelee, lakini kilichokwisha kufa hakifufuki. Dalili zake za mwanzo ni ndogo mno: kuwashwa, maumivu utosini ukiguswa, nywele za pale katikati kukatika fupifupi. Mara nyingine hakuna dalili yoyote anayoihisi mwenyewe. Anayeweza kumwambia "dada, hapa pameanza" ni yule anayemchana.

Historia ya ugonjwa huo wa utosi inaonyesha utafiti unaweza kubadilisha nini. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliuandika na kukilaumu kitana cha moto, hata wakaupa ugonjwa jina la kitana hicho. Baadaye wakaonekana wanawake ambao hawajawahi kuchoma nywele na bado utosi umepukutika. Profesa Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, huko Durban, akafuatilia familia na kuona kwamba ugonjwa unatembea ndani ya ukoo. Kisha mwaka 2019, kundi la watafiti alimokuwamo yeye, pamoja na Eli Sprecher wa Tel Aviv, likachapisha matokeo katika jarida la New England Journal of Medicine: kati ya wanawake 58 waliopimwa, 14 walikutwa na kasoro katika jeni iitwayo PADI3. Jeni hiyo hutoa kimeng'enya kinachosaidia unywele kupata umbo lake unapojengwa ndani ya ngozi. Kwa hiyo yupo binti anayezaliwa tayari na mzizi dhaifu, na suka ya kubana inayomwacha mwenzake salama inaweza kumwathiri yeye vibaya.

Miaka yote hiyo lawama ilikuwa ya msusi na ya mwanamke mwenyewe. Sehemu ya lawama hiyo ni halali, na nitaisema bila kuwaficha wenzangu. Mteja akitoka kwenye kiti macho yamevutika, akameza Panadol apate usingizi, kesho yake akaamka na vipele vyeupe kandokando ya uso, huo si urembo, ni jeraha. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town ameyaeleza haya kwa namba. Yeye na wenzake walifanya kazi inayoonekana ndogo: walikwenda kwa wanafunzi na kwa watu wazima, wakaangalia kichwa kimoja baada ya kingine. Katika matokeo yao ya mwaka 2007, nywele kunyonyoka kwa kuvutwa kulionekana kwa asilimia 17 ya wasichana wa shule na karibu asilimia 32 ya wanawake watu wazima. Wakaona pia kwamba hatari huwa kubwa zaidi nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha zinapoongezewa mvuto wa misuko. Mwaka 2019 kundi lake likapima dawa za kulainisha nywele, zikiwamo zinazotangazwa kuwa za watoto na zile zinazouzwa kwa sifa ya kutokuwa na kostiki, ile kemikali kali inayounguza. Zote zilikuwa na ukali wa kiwango cha kuunguza ngozi.

Ninapokataa kumwekea dawa mtoto wa miaka mitano, mama yake huniuliza nimeyatoa wapi hayo. Nikimtajia Cape Town, ananijibu kwamba hiyo ni Sauzi, huku kwetu je? Swali lake ni la haki, Ndugu Mkurugenzi, na jibu lake linapaswa kutoka kwenu. Taasisi yenu iliundwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1979 ili maswali ya afya ya Mtanzania yajibiwe kwa vipimo vya Mtanzania. Mkipima dawa zilizopo kwenye maduka ya Kariakoo na ya hapa Morogoro, TBS, Shirika la Viwango, ambalo ndilo limekabidhiwa vipodozi tangu mwaka 2019, litakuwa na pa kushikia.

Watoto nao wana lao. Mwaka 2010 watafiti wa Muhimbili walichapisha uchunguzi wa watoto 420 wa shule za msingi Dar es Salaam, na zaidi ya nusu yao walikuwa na tatizo fulani la ngozi. Mapunye kila mzazi anayajua, na karibu kila mzazi anayatibu kwa kupaka. Fangasi wa mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali mafuta ya kupaka hayafiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kama griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, na dawa hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kabla haijaanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1958, watoto wenye mapunye katika nchi nyingi walipigwa eksirei kichwani ili nywele zipukutike, na baadhi yao ukubwani walipata saratani ya tezi ya shingo na uvimbe wa ubongo. Utafiti ndio uliowaokoa waliofuata. Kuna na aina ya mapunye inayovimba na kutoa usaha, ambayo mara kwa mara hudhaniwa kuwa jipu ikapasuliwa. Mtoto hubaki na kovu lisiloota nywele maisha yake yote, na dawa ya kumtibu ilikuwa vidonge.

Najua utasema, au watakuambia, kwamba kuna malaria, kuna kifua kikuu, na nywele haziui mtu. Naliheshimu sana hilo, maana nami nimezika ndugu wa malaria. Lakini kichwa husema mengi kuhusu mwili. Kaswende iliyoingia hatua ya pili hunyonyoa nywele vipande vipande. Lupasi huacha makovu kichwani, na ni ugonjwa unaoweza kufika hadi kwenye figo. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo huonekana kwenye kitana. Ndugu zetu wenye ualbino hupata saratani ya ngozi kichwani na masikioni, mahali ambapo kinyozi wao hupagusa kila anapowanyoa. Tena kuna aibu. Mwanamke aliyepungukiwa nywele hunong'onezwa kwamba "ameanza kuugua", na kila mtu anajua kinachokusudiwa. Wapo wanaoacha kwenda harusini. Yupo binti aliyeacha kuja kazini mpaka apate hela ya wigi. Maumivu hayo ni ya kweli, na anayeyapata ana haki ya kutibiwa kwa ujuzi.

Dawa mpya zinakuja huko nje. Barisitinibu iliidhinishwa Marekani Juni 2022 kwa wale wanaonyonyoka kwa mabaka makubwa, ambao kinga ya mwili wao yenyewe hushambulia mizizi ya nywele. Wengi wa waliozijaribu dawa hizo hawakuwa weusi. Siku zitakapofika kwetu, tutazitumia kwa kukisia kama hatujajijua.

Utekelezaji wake hauhitaji majengo. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na wataalamu waliosomeshwa pale wametawanyika mikoani. Wapeni wasusi na vinyozi mafunzo mafupi ya kutambua dalili, mtupatie fomu, na kila mteja aombwe ridhaa kwanza. Mtaalamu apite na lenzi yake yenye taa, na pale inapobidi achukue kipande kidogo cha ngozi kwenda maabara. Kwamba saluni inafaa kwa utafiti mkubwa si mawazo yangu. Mwaka 2018 Dakta Ronald Victor na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika saluni 52 za kunyolea za Los Angeles, kwa wanaume weusi 319 wenye shinikizo la damu. Kundi moja vinyozi wakalihimiza na wafamasia wakalitibu palepale saluni, na katika miezi sita shinikizo lao likashuka kuliko la wenzao wa kundi la pili, waliohimizwa tu kubadili mwenendo na kwenda kwa daktari.

Kwa upande wetu niko tayari kuanza na saluni yangu, na wasusi ninaofahamiana nao hapa mjini nitawashawishi mmoja mmoja. Jumatatu na Jumanne wateja ni wachache na viti viko wazi tangu asubuhi. Mkituma watu, waje siku hizo. Wakija na mtaalamu mwanamke itakuwa vizuri zaidi, kwa sababu wapo wateja ambao hawatavua kilemba mbele ya mwanaume, hata akiwa daktari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msusi,
Morogoro