Kengele za uongo zinawachosha madereva

Mhariri,

Naunga mkono mfumo wa kumwonya dereva kabla gari halijagonga, lakini kengele zake za uongo zinanitia hofu. Rada ya mfumo huo, yaani kifaa kinachotambua vitu vya mbele kwa mawimbi ya redio, huona gari lililoegeshwa kwenye kona, au bango la chuma juu ya barabara, ikadhani limeziba njia. Mlio unapigwa, taa nyekundu inawaka, na mbele hakuna kitu. Dereva akishtuliwa bure mara kwa mara huacha kuujali, au huuzima kabisa. Siku ya hatari ya kweli, mguu unachelewa kufika kwenye breki.

Tangu Julai 2024 Umoja wa Ulaya unalazimisha magari mapya yawe na breki za dharura zinazojifunga zenyewe. Ni hatua njema. Sasa watengenezaji watangaze pia mifumo yao hukosea mara ngapi, mnunuzi ajue kabla hajalipa.

Dereva na msomaji wako