Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Waheshimiwa wanachama,

Hesabu za chama zitasomwa na mweka hazina, nayo orodha ya wanachama wapya imebandikwa mlangoni, kwa hiyo sitazirudia. Nafasi yangu nitaitumia kueleza jambo lililotawala vikao vyetu mwaka huu, yaani jinsi fedha za mteja zinavyoamua umbo la jengo, na jinsi sisi wasanifu tunavyochelewa kulikubali hilo.

Kikao kilichovuta watu wengi zaidi ni kile ambacho mwenzetu alituletea ramani za nyumba ya ghorofa inayojengwa mtaa wa South C, Nairobi, zikiwa zimepitiwa na mkadiriaji gharama kwa kalamu nyekundu. Makadirio yalikuwa yamepita uwezo wa mteja, na kalamu ile ilikuwa imefuta vivuli vya zege juu ya madirisha, ikageuza vigae kuwa sakafu ya saruji, kisha ikaondoa njia ya mteremko ya viti vya magurudumu. Ukuta wa nje wenye kona kumi na nane haukuguswa. Tulipouliza sababu, tulijibiwa kwamba hesabu za nondo zilikwisha kufanywa na ramani zilikwisha kupelekwa kaunti, na kwamba kuanza upya kungemgharimu mteja ada nyingine na miezi ya kungoja.

Kwa maoni yangu kosa lilitendeka katika wiki ya kwanza ya kuchora, umbo lilipoamuliwa. Sakafu ya mita 10 kwa 10 ina mita za mraba 100 na ukuta wa mita 40. Ukiirefusha iwe mita 5 kwa 20, eneo halibadiliki lakini ukuta unafika mita 50, pamoja na msingi wake, mawe yake na lipu yake. Nafasi kati ya nguzo ikizidishwa mara mbili huku mzigo wa kila mita ukibaki ule ule, nguvu inayoipinda boriti huongezeka mara nne. Kona nazo huzaa mabonde kwenye paa, na mvua za Aprili huyagundua kabla ya mwenye nyumba.

Tena South C ina ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka wakati wa kiangazi, ambao sharti uchimbwe na kuondolewa mpaka fundi afikie murram, yaani udongo mgumu wa changarawe, au mwamba. Fedha nyingi huzikwa hapo kabla jiwe moja halijaonekana juu ya ardhi. Mashimo machache ya majaribio, yakichimbwa kabla ya kuchora, yangalimwonya mteja huyu mapema.

Yapo maamuzi yasiyogharimu chochote. Nairobi iko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jengo ambalo kuta zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini hutosheka na kivuli kifupi juu ya dirisha, ilhali dirisha la magharibi litamsumbua mpangaji kila alasiri. Mawe ya kujengea ya machimbo ya Ndarugo yakichongwa vizuri hayahitaji lipu. Wateja wengi hukomesha jengo kwenye ghorofa ya nne ili wakwepe lifti, nami siwalaumu, ila ngazi basi iwe pana na yenye mwanga.

Mwanachama mmoja alitukumbusha kwamba bajeti huweza pia kukua: KICC, jumba la mikutano la kimataifa jijini Nairobi, ilianza kujengwa mwaka 1967 kama makao makuu ya chama cha KANU, mradi ukapanuliwa, na mwaka 1973 likawa jumba la kupokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Bahati ya namna hiyo haijamfikia yeyote kati yetu.

Kamati inapendekeza kwamba mteja aandike kiasi cha fedha alichonacho, na kukitia sahihi, kabla mstari wa kwanza haujachorwa. Katika hilo tulikubaliana. Tuliposhindwa kukubaliana ni kuhusu ada, kwa kuwa kwa kawaida tunalipwa asilimia ya gharama ya ujenzi, na msanifu anayempunguzia mteja gharama hujipunguzia riziki. Wapo wanaotaka ada isiyobadilika, na wapo wanaohofia kwamba wateja watatupigia bei kama sokoni. Mimi naunga mkono ada isiyobadilika, lakini kura ni yenu, na suala hilo liko katika ajenda ya sita.