Barua kwako mdogo wangu, kuhusu lile fungu la vijiti tisa

Mdogo wangu,

Nimekuja kukuandikia huku hadharani kwa sababu simu zangu hupokei na meseji unazisoma halafu unanyamaza, ila huku najua unapita, juzi tu umeweka kopa kwenye picha za mwalimu mwenzangu. Kwa hiyo hii utaisoma. Na kama kuna walimu wengine wapya wa darasa la kwanza watasoma na wao na kupata la kuwasaidia, sawa, ila mi naongea na wewe.

Kwanza hongera. Siku ile sikukupa na mama angekuwepo angenisema mpaka asubuhi. Darasa la kwanza watu wanalidharau, wanaona ni kuimba na kufuta makamasi, kumbe mtoto akitoka kwako hajui kusoma walimu wote wa mbele watabeba mzigo ulioutua wewe. Kazi umepata na ni kazi kubwa.

Sasa nimeona picha za darasa lako. Kuta zimejaa, yaani hakuna hata sehemu ya jicho kupumzika, wanyama, matunda, sayari, namba mpaka mia, sheria za darasa, maua, na juu ya ubao kamba nzima ya vibendera. Najua umekesha ukikata. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwachukua watoto 24 wa chekechea wakawafundisha masomo mengine kwenye chumba kilichojaa mapambo na mengine kwenye chumba ambacho kuta zake ziko tupu, na kwenye kile chenye mapambo watoto walizubaa zaidi na wakashika kidogo. Sisemi ubandue vyote. Acha kile unachofundisha wiki hii na wiki iliyopita, kingine hifadhi, ukifika kwenye somo lake kitoe, utaona macho yao yanavyokimbilia kile kitu kipya. Mama alikuwa anabandika chati tatu tu, unakumbuka, na ya nne ikipanda moja lazima ishuke.

Halafu hayo mafaili. Shoga yako aliniambia simu yako imejaa, umedaunlodi mapidiefu hata hujui yapo mangapi, kila grupu ukiona faili unachukua. Usinichukie kwa hili, na mi nilianza hivyohivyo. Mwalimu mpya anaogopa, na akiogopa anakusanya. Ila kukusanya bado hujajiandaa. Chukua muhtasari wa somo, kaa na azimio lako la kazi, ule mpango wa nini unafundisha wiki gani, angalia wiki nne za mwanzo tu, andika mtoto anatakiwa aweze nini mwisho wa kila wiki, kisha ndio utafute zana ya hicho kitu. Faili lisilo na wiki yake lifute. Yanayobaki yape majina yanayoeleweka, somo kwanza, wiki, halafu kitu chenyewe, mfano "hesabu wiki 03 kuhesabu hadi 20", siyo "scan0047 mpya mpya kweli". Na weka nakala kwenye flashi au kwenye barua pepe yako, simu inaanguka.

Vitabu vya hadithi usihangaike, vya bure na vya halali vipo. Ingia tovuti ya African Storybook, ile ya shirika la Saide la Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India ambayo ipo tangu 2015, kote huko kuna hadithi za Kiswahili na zimepangwa kwa ngazi, ukianzia zile zenye maneno machache kwa ukurasa. Zina leseni za Creative Commons kwa hiyo kuprinti na kugawa ruksa, we acha tu jina la mwandishi na mchoraji lionekane na usome leseni ya kila kitabu kabla hujaanza kubadilisha kitu. Ila kabla hujaprinti soma kwa sauti mwenyewe ukiwa peke yako. Hadithi nyingine zimetafsiriwa na sentensi zinamkwamisha hata mtu mzima, sembuse mtoto wa miaka sita.

Na zile kadi za silabi ulizoprinti kwa rangi, nzuri sana, zimelaminetiwa, kona zimekatwa mviringo watoto wasijichome. Lakini nimezihesabu kwenye picha. Kila silabi ipo moja. Sasa niambie, mtoto ataundaje "mama"? Ataundaje baba, dada, kaka? Maneno ya kwanza kabisa anayoyajua toka azaliwe yote yanataka kadi mbili zinazofanana. Angalia za kwenye lile sanduku la zana za kufundishia alizoacha mama, yeye aliandika "ma" nne. Na kila seti nyuma ameweka doti ya rangi yake, kwa hiyo kadi ikiokotwa chini ya dawati unajua mara moja inarudi bahasha ipi. Hivyo vitu huvikuti kwenye pidiefu, anavijua mtu aliyepiga magoti chini kila siku saa nane anaokota kadi.

Haya sasa lile sanduku.

Mi siwezi kujifanya jioni ile haikutokea. Ulikuja na begi tupu, shule zinafungua Jumatatu, ukakaa pale sakafuni ukaanza kugawa mafungu mawili, la kuchukua na la kutupa. Hukuniuliza. Ulikuwa unaongea tu, kile kizamani, hiki kimefubaa. Zile herufi za mchanga ulizitupa upande wa pili ukasema zinapukutika. Zinapukutika kweli, gundi imezeeka. Lakini mi nilienda kusoma ualimu nikafundishwa habari za Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, na kwamba yeye aliwapa watoto herufi za kukwaruza wazipitishe kidole kabla hawajashika penseli, nikatoa machozi mle darasani mbele za watu maana mama hakuwahi hata kulisikia hilo jina, alimwaga gundi kwenye manila akanyunyiza mchanga kwa sababu aliona mtoto anayepitisha kidole hakosei tena kati ya b na d. Nilitaka nikwambie hayo. Nikanyamaza, nikasema acha amalize.

Ukafika kwenye vijiti. Mafungu kumi, yamefungwa na vipande vya lile gauni lake la bluu. Ukashika moja ukalifungua. Nilisikia kile kitambaa kinavyokwaruza kikiachia, ile fundo ilifungwa na mikono yake na toka aondoke hakuna aliyeigusa. Ukahesabu. Tisa. Ukarudia, tisa. Ukacheka, ukasema "dada, kumbe mama naye hesabu zilikuwa zinampiga chenga."

Nikakunyang'anya. Kijiti kimoja kikavunjika mkononi mwako na kikakuchana, niliona damu. Na nikasema lile nililosema, kwamba hata hiyo kazi umeipata kwa bahati tu na watoto wa watu watalipia. Nikafunga sanduku. We uliokota begi lako tupu ukaondoka hujavaa hata sweta na nje kunanyesha, sikukuita.

Sasa nisikilize. Mi nilikuwa na sababu. Nimekaa na mama miaka ile yote anaumwa we ukiwa mbali unasoma, sikulaumu, ulitakiwa usome, lakini mi ndio niliyekuwa namshikia makapeni vidole vyake vilipoanza kukataa, yeye anaongoza mi naandika. Nusu ya kadi za mle ndani ni mwandiko wangu nikiigiza mwandiko wake. Mtu akikaa juu ya vitu hivyo anasema cha kutupa, cha kutupa, ungekuwa wewe ungefanyaje? Na nilikuwa nimekupangia, nakwambia ukweli, nilishaanza kukutengenezea bahasha zako wiki kwa wiki, zipo mpaka leo kwenye kabati, mpaka wiki ya sita. Nilitaka nikupe vizuri, nikueleze kimoja kimoja. We ukaja na haraka zako.

Lile fungu la tisa mama aliliweka makusudi.

Alikuwa anawapa watoto mafungu wahesabu kwa makumi, kumi, ishirini, thelathini, na moja ndani yake ni bovu. Yule anayeimba tu anafika mia. Yule aliyeelewa kwamba kumi siyo jina la fungu, kwamba ndani lazima viwepo vijiti kumi vya kweli, ndio anasimama na kusema mwalimu hili limepungua. Alisubiri hata wiki tatu bila kusema kitu mpaka mmoja agundue, na siku hiyo ndipo anaanza kufundisha mamoja na makumi. Mi nilikuwa kwenye darasa lake. Nililishika hilo fungu kwa mikono yangu nikasema kumi, sikuhesabu, mama akaniangalia tu akapita.

We umelishika mara moja tu ukalifungua ukahesabu.

Hilo nimelala nalo miezi minne. Nakasirika bado, kicheko chako nakisikia mpaka sa hivi na sijakisamehe chote, ungeuliza kwanza, vitu vya marehemu mtu anauliza. Lakini lile neno langu la bahati nalifuta. Halikuwa kweli hata wakati linatoka.

Nikuongezee haya maana najua hakuna mtu mwingine atakwambia. Vihesabio vyako usiweke vyote kwenye ndoo moja kubwa kama nilivyoona pale pembeni, watoto arobaini wakikimbilia ndoo moja kipindi kimeisha. Gawa kwenye makopo madogo, ishirini ishirini, kopo moja kwa watoto wawili, na kiongozi wa kundi ndiye anayechukua na kurudisha. Kila kopo mwisho wa kipindi wahesabu kama zimetimia ishirini, hapo umefundisha hesabu mara ya pili bila kufungua daftari. Vile vidogo kama maharage viache kwanza, mtoto wa umri huo bado anajaza puani. Kwenye rafu lebo zako umeandika maneno matupu, lakini hawajui kusoma bado, chora na picha pembeni ya neno, mkasi chora mkasi, wataweza kurudisha wenyewe na we utaacha kubaki mpaka jioni. Na chochote unachotengeneza sa hivi kitengeneze ukijua utakitumia mwakani, andika nyuma kwa penseli kilifaa au hakikufaa na kwa nini. Mama alikuwa anaandika "walichoka" au "kirefu mno". Zipo kadi mle zimeandikwa "wamependa" na tarehe.

Zile za "ny" na "ng'" mende wamezila pembeni, inabidi ziandikwe upya, na mi mkono wangu unatetemeka sa hivi, we ndio mwenye mwandiko unaokaribia wa mama. Manila ninayo. Njoo Jumamosi, njoo asubuhi siyo jioni, usije na begi, njoo na lile boksi lako la plastiki lenye mfuniko ili visipate unyevu. Tutapitia kimoja kimoja, cha kutupa utaniambia na mi ntakubali au ntakataa. Zile za mchanga sikupi, tutatengeneza mpya zako. Lile fungu nimelifunga tena, vijiti nane maana kimoja kilivunjika siku ile, sijaongeza. Ukija na kijiti njoo na kimoja tu.

Dada yako