Tuandae mabanda kabla ya baridi kali

Habari za jioni, wanakikundi wapendwa.

Barafu iko karibu. Tukutane Jumamosi hii saa 3 asubuhi bandani kwangu. Saa 6 tutakuwa tumemaliza.

1. Kila mmoja alete gunia 1 la maranda makavu.

2. Wenye nyundo na misumari, njooni navyo. Tutaziba nyufa za chini, ila matundu ya juu karibu na paa yabaki wazi. Nalisisitiza hili: kuku mkavu hustahimili baridi, lakini unyevu wa pumzi na kinyesi ukikosa pa kutokea, baridi huwala upanga wa kichwani. Mwaka jana niliziba kila tundu, na jogoo wangu akaumia hivyo hivyo. Iliniuma sana.

3. Mbuzi na kondoo waongezewe nyasi kavu jioni. Kuzimeng'enya huwapa joto usiku. Maji yakiganda, badilisha mara moja.

Taa za joto msitundike, tafadhali. Ikianguka kwenye maranda, banda linaungua.

Andika "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, na utaje idadi ya mifugo yako ili tujue tuanze na banda la nani. Asanteni sana.