Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu cha historia kwa mwaka tunaoumaliza. Hesabu zimekaguliwa, na Mweka Hazina atazisoma baada yangu. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na wenzetu wa mikoani waliokuwa wamelegea wamerudi. Katibu amepanga upya nyaraka zetu zote. Namshukuru mbele yenu. Baada ya hayo, niruhusuni nitumie muda uliobaki kwa somo tulilolishughulikia mwaka mzima: Vita vya Kwanza vya Dunia katika ardhi hii, wakati huo koloni la Wajerumani, na namna majeshi yalivyoendeshwa.

Tulianzia Tanga. Ukitaja mapigano ya Novemba 1914, watu huanza na nyuki. Ni kweli nyuki waliwavamia askari vichakani, lakini si wao walioshinda. Jenerali Aitken wa Waingereza alikuja kutoka India na watu wapatao 8,000, waliokaa melini majuma kadhaa, wengi wakiwa hoi kwa bahari. Alishauriwa awatumie King's African Rifles, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, wakati wa kushuka, akakataa. Tarehe 2 nahodha wa manowari Fox alitangulia bandarini kuudai mji usalimu amri, na hapo Wajerumani wakajua hakika kwamba wanashambuliwa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapata nafasi ya kuwaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, wote pamoja wakiwa kama 1,000 tu. Siku tatu baadaye Waingereza walirudi melini, wakaacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Wale tuliosimama pamoja kituoni Tanga tulikubaliana kwamba reli ile ilifanya kazi kubwa kuliko mzinga wowote.

Mwaka 1916 ndio uliotuchukulia muda mwingi, na ulistahili. Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, kamanda wa upande wa Waingereza, aliingia kwa upande wa Kilimanjaro na jeshi kubwa lenye farasi, magari na mizinga. Aprili, Van Deventer, jenerali aliyekuwa chini yake, alishafika Kondoa Irangi. Agosti Morogoro ikatwaliwa, na tarehe 4 Septemba Dar es Salaam. Anayetazama ramani peke yake atadhani vita vilikuwa vimekwisha. Kumbe masika yalizikata njia nyuma ya Van Deventer, watu wake wakakaa Kondoa na njaa, na farasi wakafa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu cha Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 mwezi Februari. Kufikia Oktoba wazima walikuwa 116, na mapigano yenyewe kiliyaona kidogo sana. Malaria na kuhara ndivyo vilivyokimaliza.

Mnyama alipokufa, mzigo ulihamia kichwani kwa mtu. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi, na posho yake ilikuwa karibu kilo moja ya unga kwa siku. Pigeni hesabu: akienda siku kumi na mbili na kurudi siku kumi na mbili, mzigo wote ameula yeye, na askari aliye mbele hajapata hata kibaba. Kwa hiyo kila jeshi liliposonga, walihitajika watu wengine wa kuwalisha wabeba chakula. Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa wapagazi karibu milioni moja, wengi kwa nguvu, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Risasi ziliwaua wachache. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi, wakaupika nusunusu kwa kuni mbichi na mvua ikinyesha, matumbo yakaharibika. Kwa maoni yangu, kosa kubwa la kijeshi la vita hivi halikutendeka Tanga. Lilitendeka kwenye posho.

Von Lettow-Vorbeck naye husifiwa mno. Mahiwa, upande wa Lindi, Oktoba 1917, aliwaumiza Waingereza vibaya sana, lakini alipoteza watu kama 500 ambao hakuwa na wa kuwajaza, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Ujanja wake wa kukwepa, uliodumu hadi aliposalimu amri Mbala, katika Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, uliendeshwa kwa chakula cha wanavijiji. Ugogo, majeshi ya pande zote yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Njaa ya Mtunya iliyofuata inakadiriwa kuua watu 30,000. Wanachama wetu wa Dodoma walitaka hilo liingie katika kila mjadala wa mbinu za kivita, na Kamati imekubali moja kwa moja.

Sanamu la Askari la mwaka 1927 lililopo katikati ya Dar es Salaam ni la mwenye bunduki peke yake. La Nairobi lina mpagazi pembeni ya wapiganaji. Nimelitazama letu mara nyingi, na naona uchungu kwamba aliyebeba vita vile kichwani hayupo.

Kwa mwaka ujao Kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili. Kwanza, ziara ya Mahiwa, baada ya masika ili barabara zipitike. Pili, daftari la majina ya wapagazi kutoka katika familia zetu: jina, kijiji alikochukuliwa, upande aliotumikia, kama alirudi, na simulizi iliyobaki nyumbani. Sehemu ya akiba itanunua vinasa sauti kwa kila tawi, maana wajukuu waliosikia habari hizi kwa wenyewe sasa ni wazee sana. Fomu ziko mezani kwa Katibu. Naomba kila mwenye jina alijaze kabla hatujaingia kwenye uchaguzi wa viongozi.