Heri ya Krismasi, Wananchi wa Mwanza: kesi ya Ngassa tuifunge

Wananchi wenzangu wa tawi letu la Yanga, mlioko Kirumba, Igoma, Buzuruga na Mkuyuni, nanyi mliotawanyika hadi Sengerema na Ukerewe, heri ya Krismasi. Kwa ndugu zetu Waislamu, ambao kila mwaka pilau la Krismasi mnatumalizia kama nasi tunavyowamalizia la Idi, salamu hizi ni zenu pia. Mwaka ulikuwa mzito kwa nyumba nyingi, na wapo ambao kwenye meza ya sikukuu kuna kiti hakitakaliwa. Kwenu nasema poleni, na tutapita kuwaona.

Desemba ya ziwani mnaijua. Mvua inapiga asubuhi, jua linawaka mchana kama hakuna kilichotokea, na maembe yamejaa barabarani hadi mama muuzaji anakuongezea bila kuombwa. Mabasi ya Dar yanashusha watu Nyegezi na Nyamhongolo usiku na mchana. Pale Mwaloni sato amepanda bei, na muuzaji ukimuuliza kwa nini anakutazama kama mgeni wa mji. Lakini jambo la mwaka huu ni daraja. Hii ndiyo Krismasi ya kwanza tangu Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, na wale wa Sengerema na Geita hamhitaji kukumbushwa mkesha wa sikukuu ulivyokuwa: foleni ya magari imerudi hadi kusikoonekana, kuku wamefungwa miguu, mtoto analia, na kivuko kiko ng'ambo ya pili. Sasa zile kilomita tatu unazivuka kabla wimbo wa redioni haujaisha. Kwa hiyo mwaka huu hakuna mwanachama wa ng'ambo atakayesingizia kivuko akichelewa.

Na kwa kuwa safari hii wote mtafika, nina ombi moja kabla hatujakutana. Kesi ya Mrisho Ngassa, winga wetu wa zamani, tuifunge.

Wageni wa tawi hawatanielewa, kwa hiyo nieleze. Kila watu wetu wanapokutana kula, mazungumzo yanaanza vizuri: usajili, waamuzi, watani wetu Simba wa Msimbazi. Kisha mmoja anataja mawinga. Hapo wazee wanaingia na Edibily Lunyamila, na Kampala ya mwaka 1993, ng'ambo ya ziwa hilihili, Yanga ilipowafunga SC Villa kwao na kuchukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati. Sawa, wazee, tunawaheshimu, hatukuwepo. Vijana wanajibu kwa jina la Ngassa. Na jina hilo likishatajwa, pilau linapoa, maana kuna upande unaosema mtu aliyevaa jezi nyekundu ya Simba hana nafasi kwenye orodha ya mawinga wa Jangwani, yaani wa Yanga.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Mrisho Khalfan Ngassa ni mtoto wa Mwanza, kazaliwa 1989. Baba yake, mzee Khalfan Ngassa, alicheza Pamba, na hapa mjini jina hilo lilikuwa na uzito kabla mtoto hajajua kufunga kamba za viatu. Pamba hao, TP Lindanda, walipotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990, Mrisho alikuwa bado anajifunza kutembea. Nyumba ya namna hiyo haikosi mpira. Akapita Kagera Sugar, upande wa pili wa ziwa, kisha akateremka Dar kuchezea Yanga, na sisi tulioachwa huku tukabaki kumwona kwa msimu, timu yake inapopanda kuja uwanja wa Kirumba hapa Mwanza au Kaitaba wa Bukoba.

Nataka nikae hapo Kirumba kidogo, kwa sababu watoto wa siku hizi wamemjua Ngassa kwa klipu za sekunde ishirini, na klipu zinadanganya. Zinaonyesha mbio. Kweli, alikuwa na mbio. Alikuwa akiutanguliza mpira mbele ya beki mita mbili tatu, beki anaona kabisa kwamba huu wangu, anageuka, na huo ndio mwisho wa habari yake kwa dakika hiyo. Lakini mbio wanazo wengi; pale Nyamagana kila jioni kuna vijana wenye mbio na hakuna anayewalipa. Kwa maoni yangu kipaji cha Ngassa kilikuwa kwenye kusimama. Angekimbia na beki bega kwa bega mpaka karibu na kibendera, kisha akakanyaga breki ghafla. Beki anapitiliza. Halafu yeye anainua kichwa, anatazama nani yuko ndani ya boksi, na krosi inatoka bila haraka. Hiyo breki kamera ya pembeni ya uwanja haiionyeshi sawasawa. Ukikaa mzunguko, juani, upande aliokuwa anachezea, ndiyo uliiona. Na uliisikia, kwa sababu mpira ukiwa unaelekea kwake jukwaa lilikuwa linainuka kabla haujamfikia.

Kipindi cha pili akibadilishwa upande, kuna watu walikuwa wanahama jukwaa na karanga zao mkononi ili wamfuate. Na siyo watu wa Yanga tu.

Sasa kesi yenyewe. Mwaka 2010 akaenda Azam, na msimu uliofuata akawa mfungaji bora wa ligi akiwa na jezi hiyo. Hapo tulinuna, lakini Azam walikuwa wageni mjini, tukasema pesa ni pesa. Julai 2012, Kombe la Kagame, lile la klabu za Afrika Mashariki na Kati, nusu fainali, akawafungia Azam bao la kuwatoa AS Vita ya Kongo, na katika kushangilia akaibusu nembo ya Yanga. Mwajiri yupi angevumilia? Haikupita muda akapelekwa Simba. Yaani mtu alihukumiwa kwa sababu anatupenda sisi, na adhabu aliyopewa ni kupelekwa kwa watani, na sisi hao hao tuliobusiwa ndio tukaanza kumwita msaliti. Kuna wanachama wa tawi hili ambao msimu mzima wa 2012/13 hawakutamka jina lake. Walimwita "yule". "Yule kafunga jana?" Wanajijua, na siwataji kwa kuwa ni sikukuu.

Upande wa mashtaka husema angegoma, angekaa nje. Nawajibu kwamba mchezaji ana miaka kumi na kidogo ya miguu yake, na familia inakula kila siku. Ni rahisi kumgomesha mtu ukiwa umekaa kwenye benchi la kahawa.

Kisha akarudi, 2013. Na aliporudi alifanya nini? Msimu wa Ligi ya Mabingwa Afrika 2014, raundi ya awali, Komorozine ya Comoro: 7-0 Dar, 5-2 kule kwao, na yeye alifunga matatu kila mechi. Mabao hayo sita yalimfanya amalize mashindano akiwa sawa na vinara wa ufungaji wa Afrika nzima, pamoja na watu waliocheza hadi mwisho wa mashindano. Raundi iliyofuata tukakutana na Al Ahly. Nadir Haroub "Cannavaro" akawafunga kwa kichwa Dar, sisi huku Mwanza tulijazana kwenye vibanda umiza hadi mabati yakatoa jasho, na kule Misri wakatutoa kwa penalti. Mpaka leo sijasikia mtu akiniambia kwamba timu ile ilikuwa ya kawaida. Mwaka uliofuata tukawa mabingwa wa ligi, naye akaaga.

Alikoenda ndiko kunakonichekesha kila ikifika Desemba. Alisajiliwa na Free State Stars ya Afrika Kusini, na makao ya timu hiyo wakati huo yalikuwa mji unaoitwa Bethlehem. Hata padri akitaja Bethlehemu kwenye misa ya mkesha, kuna jirani yangu mmoja wa kanisani, Mwananchi kindakindaki, lazima anigonge na kiwiko. Mungu atusamehe.

Yako mengine ambayo upande wa mashtaka huyaruka. Aprili 2009 alifika West Ham kwa majaribio, wakati ambao kijana wa Kitanzania kufika pale ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Julai 2011 aliingia uwanjani na jezi ya Seattle Sounders dhidi ya Manchester United. Wamarekani walikula saba bila, lakini hapa kwetu watu walikesha kumtazama mmoja tu. Na Februari 2009, kwenye CHAN ya kwanza, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, mjini Abidjan, Taifa Stars waliwafunga wenyeji Ivory Coast 1-0, mfungaji Mrisho Ngassa. Desemba 2012 pale Kampala, Kombe la Chalenji, Somalia walikula saba: matano yake, mawili ya John Bocco.

Na bado hakuwahi kucheza fainali za AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Hili ndilo linaloniuma kuliko ile jezi nyekundu. Stars walikwenda Nigeria mwaka 1980, kisha mlango ukafungwa hadi Misri 2019. Miguu yake yote mizuri ilipita ndani ya miaka hiyo 39. Leo Krismasi inatukuta Stars wakiwa Morocco, ikiwa ni mara ya tatu katika mashindano manne, na vijana wetu wadogo wanadhani kufuzu ni jambo la kawaida, tena wanalalamika kundi gumu. Sawa, walalamike, ni haki yao. Ila wakumbuke kuna kizazi kilichokimbia sana pembeni mwa uwanja na hakikuitwa kwenye karamu.

Baada ya Bethlehem alizunguka: Oman, Mbeya, Mtwara. Mwaka 2018 akarudi Jangwani mara nyingine, mwili umeongezeka, mbio zimepungua, na vijana wakaanza kumwita Anko. Alibaki hadi 2020. Zile dakika chache alizokuwa anaingia, breki ilikuwepo bado. Beki wa miaka ishirini akipitiliza, uwanja ulicheka kwa sauti.

Kila ukoo hapa kanda ya ziwa una mtoto aliyeondoka na maneno, akaishi kwa watu ambao ukoo hauwapendi, na Desemba moja akatokea mlangoni na begi. Hakuna mama wa Kisukuma atakayemsimamisha nje amhoji kwanza. Anapewa maji ya kunawa, anawekewa ugali na samaki, mambo mengine baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haifiki. Tumefanya hivyo kwa watoto wetu wa kuzaa, tena waliotukosea kweli. Huyu hakutukosea hivyo.

Na nyie wa kaulimbiu ya klabu yetu, daima mbele nyuma mwiko, najua mtanirukia kwamba katibu anatugeuza shingo. Nyuma tunatazama siku ya sikukuu tu. Tarehe mbili Januari tunaendelea mbele.

Basi ratiba ni hii. Tunakutana Ijumaa tarehe 26, baada ya swala ya Ijumaa ili wote tuwepo, palepale petu. Kamati imeshaongea na mama zetu wa Mwaloni kuhusu sato; pilau linapikwa na upande wa kina mama wa Igoma, na tafadhali msiwasimamie jikoni. Wa Ukerewe mje na machungwa kama kawaida. Atakayekuwa na michembe, viazi vyetu vikavu, kutoka kijijini asiifiche kwenye gari. Watani wa Msimbazi waliooa au kuolewa kwetu wanaruhusiwa, kwa sharti wavae rangi nyingine yoyote. Jumamosi yake Stars wanacheza na Uganda, majirani zetu wa maji haya haya, kwa hiyo anayetaka kulala asubiri mechi iishe, runinga kubwa ipo.

Kuhusu kesi: mwenyekiti amekubali kwamba atakayetamka neno "msaliti" pamoja na jina la Ngassa, kwa mzaha au kwa hasira, atanunua kreti mbili za soda za watoto papo hapo. Mtunza hazina atakaa karibu na mlango. Wale waliokuwa wanamwita "yule" wanashauriwa wabebe akiba.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, Wananchi. Wabeja sana.

Katibu wenu